Kiti cha Dirishani

Ukienda nyumbani kwa Zénon Ndizeye pale Kasingirima, Kigoma, ingia kiubavu. Usiingie na kifua mbele kama mwenye nyumba, maana hata mwenye nyumba mwenyewe hupita kiubavu. Nyuma ya mlango kuna lori. Lina magurudumu kumi, turubai na namba za usajili, urefu wake ni wa kochi, na limekaa mahali ambapo kochi lingekaa kama Marcelina angeolewa na mwanamume mwingine. Juu ya kabati la vyombo imeegeshwa Landrova ya kijani yenye tairi la akiba mgongoni. Chumbani, juu ya kitanda, inaning'inia ndege nyekundu ya zamani ya kupulizia dawa mashambani, na Marcelina anasema kila akifumbua macho asubuhi humwona rubani kabla hajamwona mumewe.

"Nimeolewa na gereji," huwaambia wageni. "Mchana gereji, jioni gereji."

Hasingizii. Mchana Zénon ni fundi rangi kwenye gereji moja iliyo kando ya barabara ya Ujiji. Magari yaliyokwaruzwa, yaliyobonyea, yaliyooshwa na mvua mpaka yakasahau rangi yake, yote hupita mkononi mwake. Jioni huoga, hunywa chai, halafu huketi kibarazani na kuanza magari yake mwenyewe, yale yasiyokwenda popote. Mtaani hawakosi la kusema. Mtu mzima, baba wa watu, nywele zimeanza mvi, anachezea vigari! Wacha waseme. Wapo wanaume wa umri wake wanaochezea mambo mabaya zaidi, na hao hakuna anayewacheka.

Alianza utotoni kule Simbo kama watoto wote wa upande huu. Unakata upongoo, ule uti mnene wa jani la mchikichi, unaubandua ganda, unabaki na kitu cheupe, chepesi, kinachokubali kisu. Kandambili iliyokatika inatoa magurudumu, waya wa tairi lililochomwa unatoa usukani. Wenzake waliacha mchezo huo walipoota ndevu. Zénon alipoota ndevu alinunua msasa. Alipopata kazi gerejini akagundua kwamba puti inayobaki kwenye kopo, praima, ile rangi ya chini, inayobaki kwenye chupa na rangi inayobaki kwenye bunduki ya kupulizia vyote humwagwa, akaomba visimwagwe, apewe yeye. Tangu hapo vigari vyake viliacha kuwa vya kitoto. Milango hufunguka. Boneti likiinuliwa unaona injini. Na hata pale jicho lisipofika, chini ya viti, ndani ya buti, yeye hupaka rangi. Ukimuuliza kwa nini anahangaika na mahali pasipoonekana, anakujibu kwamba gerejini watu wanamlipa kwa panapoonekana, hapa yuko nyumbani kwake.

Basi huyo ndiye Zénon. Mkimya, mpole, anayefikiri kwa vidole. Jambo likimsumbua haliongelei, analitengenezea kitu.

Na jambo lililomsumbua kuliko yote maishani lilikuwa la mama yake.

Bibi Inamahoro alikuja nchi hii kwa miguu, mwaka wa sabini na mbili, Zénon akiwa mgongoni. Walitoka Burundi na wengi, wakafika wachache, na yeye akapata shamba Simbo, akazaa binti mmoja, Irambona, akazika mume, akazeeka akiwa mtu wa pale pale. Watu wa Simbo humjua kwa jambo moja. Ukienda kumsalimu, huondoki peke yako. Hata uwe muuza dagaa aliyesimama mlangoni kidogo tu, ukiaga, Bibi Inamahoro huweka chini alichoshika, hujifunga kitenge, na kukusindikiza mpaka barabarani. Hapo husimama, anakutazama mpaka upotee kwenye kona, ndipo anarudi. Kuna watu walikuwa wanaona aibu kupitia kwake wakiwa na haraka.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna maharage, aliteleza kwenye tuta, akaanguka vibaya, nyonga ikavunjika. Ikaungwa, lakini haikuunga sawa. Zénon akamleta Kasingirima akae naye. Hapo ndipo Marcelina, ambaye ni mtoto wa Kalinzi na hana mzaha na kazi, alipopata kazi mpya: kila mgeni akiondoka, mkwewe alimwamuru kutoka kitini, "Marcelina, mfikishe mgeni barabarani, mimi mguu umenikatalia." Na asipoenda, kikongwe hakula vizuri siku hiyo.

Daktari alisema wazi. Nyonga hiyo inatakiwa kubadilishwa, na hilo linafanyika Dar es Salaam. Wakichelewa, misuli itaishiwa nguvu na bibi hatatembea tena, atakuwa mtu wa kubebwa. Basi haliwezekani, treni haiwezekani; mtu mwenye nyonga ile hawezi kukaa kitako mchana na usiku. Labda ndege. Irambona, ambaye anaishi Dar na anashona nguo huko, alihangaika mpaka akapata nafasi hospitalini, na ndugu wote wakajikamua wakapata tiketi. Tiketi ya mtu mmoja. Irambona angempokea mama yake kule. Huku Zénon angempeleka uwanjani. Kila kitu kikawa tayari, isipokuwa mwenye safari.

"Oya," alisema Bibi Inamahoro. Kwa Kirundi maana yake ni hapana, na akilisema yeye linakuwa na kufuli.

"Mama, ni kwa ajili ya mguu wako."

"Nimesikia, mwana wanje, mwanangu. Sipandi ndege."

Akaja katekista, akasema naye kwa upole. Oya. Wakaja wanawake wa jumuiya, wakaimba na wakaomba. Bibi aliimba nao, sauti yake nzuri kuliko zote, kisha akasema oya. Ndipo Zénon akamwita jirani yao Gasper, anayepakia mizigo uwanja wa ndege na ambaye hujiona nusu rubani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Bibi, usiogope kabisa," alianza Gasper, akivuta kigoda. "Pale uwanjani kwetu ulinzi ni wa hali ya juu. Kuna mlango wa kioo. Ukifika pale, wanaokusindikiza mwisho wao ni hapo hapo, hapiti mtu, hata awe mkubwa wa wapi. Unaingia wewe na tiketi yako tu. Mimi nitakusukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka kwenye ngazi, wanakupandisha, basi. Ndani kila mtu na kiti chake, na mkanda wake."

Bibi Inamahoro alimsikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru, akaagiza apewe chai. Gasper alipoondoka, akamwamuru Marcelina amfikishe barabarani, ingawa nyumba ya Gasper ni ile ya pili. Kisha akasema, "Nilikuwa nasema oya ya mdomo. Sasa nasema oya ya moyo."

Zénon alishika tama. Akafikiri kwa namna yake. Mama anaogopa, akajisemea, na anaogopa kwa sababu hakijui kitu chenyewe. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kupanda ndege. Aliziangalia tu kutoka nje ya uzio, siku za Jumapili, mikono nyuma. Lakini kuzijenga alijua. Basi angemjengea mama yake ndege. Angeijenga mbele ya macho yake, ubavu kwa ubavu, aione ilivyoshikana, aiguse, aizoee, mpaka siku ya safari awe anapanda kitu anachokifahamu.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza, kwa hiyo hakuweza kujenga nje. Lori likatolewa sebuleni, likafunikwa turubai chini ya upenu. Marcelina alifurahi kwa muda usiotosha kufagia. Mahali pa lori pakaingia mifupa ya ndege, ile ya pangaboi mbili inayokuja Kigoma, na ilikuwa kubwa kuliko chochote alichowahi kutengeneza. Mwili wake ulianzia mlangoni ukaishia kwenye kabati. Bawa moja lilichungulia chumbani.

"Hii itatokea wapi?" aliuliza Marcelina.

"Mabawa yanachomoka."

"Na mimi nitatokea wapi?"

Bibi Inamahoro aliketi karibu na dirisha, mguu juu ya kigoda, akitazama. Siku za kwanza alitazama tu. Halafu akaona mwanawe anavyobandua pongoo kwa pupa, akanyoosha mkono. "Lete kisu. Unaziumiza." Kuanzia hapo kubandua ikawa kazi yake. Ganda la kijani lilitoka mkononi mwake refu bila kukatika, na zile fimbo nyeupe alizipanga pembeni yake kwa urefu. Zénon alipojaza mapengo kwa puti na kuanza kusugua, akaomba na msasa. Thina ya kuchanganyia rangi ilikuwa imeshaua vidole vya Zénon kwa miaka mingi, hahisi tena vijibonyeo vidogo. Vya mama yake vilihisi. Alifumba macho, akapitisha kiganja kwenye mkia wa ndege taratibu, akasema, "Hapa. Na hapa." Zénon alichovya msasa kwenye maji akasugua pale alipoonyeshwa. Mvua ilinyesha juu ya bati nao wakifanya kazi, na kusema kweli tangu awe mtu mzima Zénon hakuwahi kukaa na mama yake muda mrefu kiasi kile. Alikuwa na furaha. Alijionea haya kidogo kuwa na furaha wakati mama yake ni mgonjwa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kila hatua alimweleza. Hizi mbavu, Mama, ukizigonga hivi, unaona? Haziyumbi. Hili bawa limepita katikati ya mwili, halikubandikwa tu. Ili kumaliza ubishi, siku moja akachukua kinu cha Marcelina akakiweka juu ya bawa. Bawa likainama kidogo likatulia.

"Umeona, Mama?"

"Nimeona. Lina nguvu."

"Sasa?"

"Kinu hakiagi mtu," alisema Bibi Inamahoro, akaendelea kubandua.

Zénon akacheka. Alidhani ni mzaha wa wazee. Marcelina, aliyekuwa amekuja kudai kinu chake, hakucheka. Alimtazama mkwewe, akamtazama mumewe, akabeba kinu akaenda zake.

Ikapakwa praima ya kijivu, ikasuguliwa, ikapakwa nyeupe, mkia bluu. Ilipokauka ilimeta mpaka majirani wakaja kuangalia wakiwa wamevua viatu bila kuambiwa. Bibi aliipenda waziwazi. Asubuhi aliuliza, "Leo tunafanya nini?" Na Zénon moyoni alishangilia, akaona kazi inakwenda vizuri, mama analainika. Jioni akimuuliza habari ya safari, kufuli liko pale pale. Oya.

Wiki ya safari ikafika. Irambona akapiga simu akilia. Nafasi ya hospitali ikipotea, haijulikani itapatikana tena lini.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja, na Zénon alikuwa amekiweka mwisho makusudi. Jumapili, baada ya kanisa na baada ya chakula, alisogeza kiti cha mama yake karibu na ndege, akashika paa la ndege kwa mikono miwili, akaliinua lote kama mfuniko wa sufuria.

Ndani kulikuwa na viti, vimefunikwa vitambaa, na kila kiti na mkanda wake. Hapa Zénon alikuwa amefanya kosa, ila siku ile hakuna aliyelijua. Gasper alipoulizwa kulikoje ndani ya ndege alijua tumbo la mizigo tu. Zénon naye, kwa ndani, alijua usafiri mmoja mkubwa, nao ni treni. Akaona watu wanaosafiri pamoja lazima wazungumze. Akapanga viti viwili viwili vikitazamana, magoti kwa magoti, na vijimeza katikati pa kuwekea chakula.

Viti karibu vyote vilikuwa vitupu. Lakini dirishani alikaa bibi mmoja mdogo wa upongoo, amevaa kipande cha kitenge kile kile alichokivaa Bibi Inamahoro, na mapajani ana fimbo ya kijiti cha kibiriti. Mbele yake aliketi mtu mwenye tai.

"Huyu ni wewe, Mama."

Bibi Inamahoro aliinama. Alitazama kwa muda mrefu. Alijigusa kitenge, akakigusa na kile kidogo. "Umenitengeneza vizuri," alisema. Halafu, "Na huyu anayenitazama ni nani?"

"Abiria."

"Abiria gani? Jina lake nani?"

"Sijui, Mama. Mtu yeyote tu."

"Mbona hana uso?"

Ni kweli hakuwa na uso. Zénon alikuwa amechoka, akaona kichwa cheupe kinatosha. Alitaka kusema atamchorea, lakini mama yake alikuwa amekwisha kuegemea nyuma na macho yake yamejaa.

"Basi ndivyo itakavyokuwa," alisema. "Umeijenga vizuri, hukudanganya. Nitawekwa pale, na wa kunitazama ni mtu asiye na uso."

"Mama, ndege haianguki. Nimekuonyesha..."

"Nani kakwambia naogopa kuanguka?" Sauti ilipanda, Marcelina akatoka jikoni. "Nimevuka mto na wewe mgongoni, bunduki zinalia nyuma yangu, niogope bati linaloruka? Uliniuliza? Ulikaa hapa masika yote unanionyesha mbavu na mabawa. Uliniuliza hata siku moja?"

Kweli, Zénon hakuwa amemuuliza.

Ndipo mama yake akasema, taratibu, akisahau Kiswahili mahali na kukirudia. Kwao, mtu anayeondoka huherekezwa, yaani husindikizwa. Nyumba nzima inaweka kazi chini, inatoka naye, inatembea naye mpaka kwenye kijito. Pale wanasimama. Msafiri anavuka, anapanda mlima wa pili, na wao wanamtazama hadi apotee, ndipo wanarudi nyumbani. Aliyeherekezwa hivyo anajua ana kwao. Anayeondoka kimya ni mwizi, au ni maiti asiye na ndugu.

"Mimi siku ile nilitokea nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Mama yangu alikuwa ndani. Kama ningemuaga angelia, na kilio kingesikika. Hakuna aliyenifikisha hata kwenye ua. Sikumwona tena mpaka leo. Nikasema, Mungu akinifikisha, hakuna mtu atakayeondoka kwangu peke yake, wala mimi sitaondoka tena mahali hivyo. Halafu Gasper ananiambia kuna mlango wa kioo. Watoto wangu wataniacha mlangoni kabla hata sijaondoka. Kama mguu ni wa kufa, ufe. Nitabebwa, lakini nitabebwa na ninaowajua."

Zénon alijiona mjinga mkubwa. Masika mazima alikuwa akijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza, na jibu la kweli lilikuwa mbele yake kila siku, kila mara Marcelina alipotumwa kusindikiza muuza dagaa. Alitaka kusema samahani. Kama kawaida yake, akaenda kutafuta kisu.

Alikaa kibarazani mchana uliobaki. Alichonga mtu mwingine kutoka kwenye mojawapo ya pongoo alizobandua mama yake. Akampaka ovaroli ya bluu, akamdondoshea madoa ya rangi, akampaka kijivu cha praima kwenye vidole. Akamchorea uso, mvi pembeni, na pua. Akarudi ndani, akamtoa yule mwenye tai, akamkalisha fundi rangi mbele ya bibi, magoti kwa magoti, akafunga mkanda.

Bibi Inamahoro aliinama tena.

"Pua yako siyo hiyo," alisema. Akamchukua yule mtu, akamkwangua pua kwa ukucha, kidogo huku, kidogo huku, akapuliza unga. "Pua hii ni ya baba yako. Mimi naijua." Akamrudisha kitini mwenyewe. Alikaa akiwatazama wale wawili mpaka Marcelina alipoleta chai, akaipokea, akanywa nusu.

"Na uwanjani?" aliuliza.

"Nitasimama kwenye uzio, Mama. Pale ndege zinapoanzia kukimbia. Sitaondoka mpaka upotee."

"Mpaka nipotee kabisa?"

"Kabisa."

"Ego," alisema Bibi Inamahoro. Na hilo, likisemwa na yeye, maana yake ni ndiyo isiyorudi nyuma.

Siku ya safari mvua ilikata. Bibi alipakizwa kwenye bajaji, na dereva akaambiwa aende mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Alilalamika kwamba injini itachemka. Alipoona msafara wenyewe, akaondoa bajaji polepole. Zénon upande mmoja, Marcelina upande wa pili ameshika mfuko wa nguo, nyuma yao wanawake wa jumuiya, katekista, mafundi wa gereji na ovaroli zao, na muuza dagaa aliyekuja toka Simbo na beseni lake tupu. Walitembea hivyo njia nzima, wakisimama kupumzika, wakiimba, magari yakiwapita na kupiga honi. Watu kandokando walidhani ni harusi. Dereva wa bajaji mwenyewe, walipokaribia, alikuwa ameshaujua ubeti wa pili.

Kwenye mlango wa kioo Gasper alisubiri na kiti cha magurudumu, koti lake la kung'aa limefuliwa. Bibi Inamahoro aliwashika mkono wote, mmoja mmoja, bila haraka, na foleni ikamngoja. Wa mwisho alikuwa Zénon. Alimpapasa uso kama alivyopapasa mkia wa ndege, macho kafumba. Kisha akaingia.

Zénon alikimbia mpaka kwenye uzio. Alisimama vidole vimeshika waya. Ndege ikaja ikigeuka, pangaboi zikaunguruma kwa kelele, ikakimbia, ikanyanyuka. Alipunga mkono ingawa hakujua dirisha ni lipi. Ilipinda kuelekea ziwani, ikazunguka juu ya maji, ikarudi juu ya mji ikielekea mashariki, ikawa ndogo, ikawa nukta, ikapotea. Wenzake waliondoka. Yeye alibaki kidogo zaidi, asije akawa amekosea kuhusu kupotea.

Nyumbani, kitu cha kwanza alichofanya ni kuinua paa la ndege. Alitaka kuwaona wawili wale wamekaa.

Bibi alikuwepo dirishani, na fimbo yake. Kiti cha mbele yake kilikuwa kitupu na mkanda umefunguliwa.

Zénon alitafuta chini ya viti. Akatafuta chini ya kabati, akapekua vumbi la msasa. Akatoka akamfokea mtoto wa jirani asiye na kosa. Mtu mpole yule, aliwaka siku ile kama moto wa petroli, kwa sababu kwa kumkalisha mtu yule alikuwa amemwahidi mama yake kwamba atakaa mbele yake. Marcelina alisimama mlangoni mikono kifuani, anamwangalia anavyohangaika, na mdomo wake unataka kucheka na macho yake yanataka kulia.

"Subiri simu," alimwambia.

Simu ilipigwa jioni. Ilikuwa Irambona. Mama amefika salama, mguu unamuuma lakini amefika. Ila kuna kitu amekifunga kwenye pindo la kitenge, uwanjani waliokagua walitaka akitoe akawakatalia mpaka wakaita mkubwa wao, na hata sasa hataki kukiachia. "Anataka kusema na wewe."

"Mwana wanje," ilisema sauti ya Bibi Inamahoro, kwa nguvu, maana haamini kwamba simu inafika mbali hivyo. "Ulinidanganya. Hawatazamani!"

"Nini, Mama?"

"Viti! Watu wanatazamana visogo, safari nzima. Vigeuze. Mbele yangu kulikuwa na kichwa cha mwanamume mwenye upara."

Zénon alicheka hadi akakaa juu ya kigoda cha mama yake. "Nitavigeuza."

"Kwa hiyo sikukuweka mbele yangu. Nilikupa dirisha."

Zénon alibana simu sikioni.

"Ndege ilizunguka kwanza juu ya ziwa," aliendelea mama yake, sasa kwa sauti ya chini. "Nikaona Kigoma, nikaona Ujiji, mitumbwi kama maharage yaliyomwagika. Halafu upande ule wa kaskazini nikaona milima. Nikaijua. Ni ya kwetu, Zénon. Ni karibu. Miaka yote hii sikujua kwamba ni karibu hivyo. Nikakufungua kwenye kitenge, nikakuinua mpaka kwenye kioo. Siku ile nilikutoa kule nimekufunika gubigubi, hata kichwa, hukuona kitu. Leo nimekuinua uone."

Machozi yalimshuka Zénon waziwazi, mtu mzima yule, mbele ya ndege yake, mkono mmoja umeshika bawa. Marcelina alipita kiubavu katikati ya ukuta na mkia, akamchukulia simu mkononi.

"Amekusikia, Mama," alisema. "Anashindwa kusema tu."